Uji wa Kizuizini

Serah hakuwa mtu wa kupewa vitu viwili: mayai na siri. Vyote alivifikisha vimepasuka. Kwa hiyo Wairimu alipomwona Jumanne asubuhi akipanda ngazi za nyumba yao ya kupanga pale Saint Louis Park, Minnesota, theluji mabegani, bahasha kubwa ameibana kifuani kama kitoto kichanga, alijua kuna jambo limeshasambaa kabla ya kumfikia yeye.

"Mama Sydney, keti kwanza," Serah alisema, ilhali yeye ndiye mgeni. "Keti, nisije nikakuangusha. Mzee wako ni mwandishi!"

"Mwandishi wa nini?"

"Wa gazeti! Gazeti la maaskari wa mkoloni. Keya."

Mzee Eliezer alikuwa pale pale, kwenye kiti chake cha dirishani, blanketi magotini, uso umeelekea maegesho ya magari. Hakugeuka. Huyo ndiye baba mkwe wa Wairimu, mtu wa Nandi, askari wa zamani, na Jumamosi hiyo angetimiza miaka tisini. Kazi yake ya kutwa nzima ilikuwa kuhesabu magari yanayoingia na kutoka, kisha wakati wa chakula cha mchana alitoa taarifa kwa sauti ya kambini: "Leo thelathini na manne." Hakuna aliyewahi kumuuliza ya nini.

Serah alifanya kazi stoo ya maktaba ya chuo kikuu, upande wa Cedar-Riverside, akishusha maboksi ya karatasi kuukuu na kuzipiga picha za kompyuta. Katika boksi moja lililotoka kwa mjane wa afisa fulani Mwingereza alikuta magazeti membamba ya Kiswahili yaitwayo *Tarumbeta*, ya mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nne. Ukurasa wa nne ulikuwa na safu ya vichekesho vilivyotumwa na askari wenyewe, "Cheka Kidogo". Na hapo katikati palikuwa na jina. Serah alikuwa ameukuza ukurasa huo na kuutia fremu. Ndiyo zawadi ya Jumamosi.

"Soma, soma kwa sauti," alihimiza.

Wairimu alisoma kimya.

*Mwanamke mmoja alifika kwenye kizuizi cha barabarani na kibuyu cha uji. Askari akauliza, Unampelekea nani? Akajibu, Mgonjwa wangu. Askari akajua huyu mgonjwa anakaa msituni na ana bunduki. Akamwambia, Kunywa wewe, wote, tuone. Mama akanywa. Akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Akageuza kibuyu chini juu, akafuta mdomo, akasema: Riu muruaru niahona! Maana yake, Sasa mgonjwa amepona! Bwana Afisa alicheka mpaka akavua kofia. Imeletwa na Prv. Eliezer arap Tuwei, Nyeri. Mshindi wa mche wa sabuni.*

"Si inachekesha?" Serah alishika mbavu zake mwenyewe. Yeye ni Mkamba wa Machakos. Kikuyu kilimpita kama basi lisilo lake. "Mama amekunywa uji wa Mau Mau wote! Nimeshaweka kwenye grupu ya kanisa, watu wanakufa na kicheko."

Wairimu hakucheka. Mstari mmoja ulikuwa umemkwama kooni kama mwiba wa omena, nao si ule wa tumbo kuwa ngoma. Huo ungekuja kumuuma baadaye. Ni ule wa Kikuyu. Riu muruaru niahona. Uliandikwa barabara, herufi kwa herufi, na maana yake ikatolewa bila kubahatisha.

Kwa hiyo mtu huyu anasikia Kikuyu.

Aliinua macho akatazama kisogo cha baba mkwe wake. Miaka sita. Miaka sita mzee huyo amekaa kiti hicho, na miaka sita Wairimu amesimama hatua nne nyuma yake akikanda unga, simu ameibana begani, akiongea na mamake aliyeko Nyeri kwa lugha yao, kwa uhuru wote wa mtu anayeongea mbele ya kabati. Kila mara alipoanza, mzee aligeuza uso dirishani. Wairimu alidhani ni magari.

Amesema nini? Afadhali kuuliza hakusema nini. Amesema mzee akikoroma ni kama trekta limezama matopeni. Amesema Kiprop, mume wake, alilia siku mbili kwa ajili ya mbwa na dakika tano kwa ajili ya shangazi. Amesema kwamba mgongo wake hauwezi tena kumwinua mzee kitandani, kwamba amejaza fomu za nyumba ya wazee ya Inver Grove Heights bila mumewe kujua, na kwamba Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi atapigiwa simu ya kuambiwa kama kitanda kimepatikana.

"Mbona umekauka hivyo?" Serah aliuliza.

"Nimefurahi," alisema Wairimu.

Dirishani, Mzee Eliezer alinyanyua kidole. "La kumi na tisa," alisema.

*

Jioni Kiprop alirudi kutoka kazini, akavua viatu vya theluji mlangoni, na kabla hajavua cha pili mkewe alimuuliza, kama mtu anayeulizia chumvi:

"Baba Sydney, hivi Baba anasikia Kikuyu?"

"Baba?" Kiprop alicheka. "Hata Kiswahili chake ni cha *geuka nyuma, tembea*. Kikuyu atakitoa wapi?"

"Si alikaa Nyeri?"

"Alikaa kambini. Huko hata salamu walisalimiana kwa firimbi." Kisha kicheko kikamwisha polepole, akamtazama mkewe, kiatu mkononi. "Kwani wewe huwa unasema nini kwa Kikuyu?"

"Nitasema nini? Habari za mvua."

"Miaka sita?"

"Nyeri kunanyesha sana."

Kiprop alivua kiatu cha pili taratibu mno. Tangu usiku ule alikuwa na mazoea mapya: mkewe akishika simu, naye anapata jambo la kutafuta jikoni. Alifungua droo ya vijiko, akaifunga. Alifungua friji, akalisalimia kabichi. Sydney akiwa chuoni, nyumba ya watu watatu ikawa na walinzi watatu.

Kesho yake Wairimu aliamua kumpima mzee. Alimletea uji wake wa wimbi, akaushika mkono wake akauzungusha kwenye kikombe, kisha akasema kwa Kikuyu, bila kubadilisha sauti, "Baba, kuna nzi ndani."

Mzee alikunywa. Akashusha kikombe, akalamba mdomo.

"Mtamu," alisema kwa Kiswahili.

Lakini nzi wa Januari Minnesota ni nzi gani? Hata asiyejua Kikuyu, au anayekijua mno, angekunywa. Wairimu akabana simu iliyozimika sikioni, akaanza kumsimulia mama yake ambaye hayupo hadithi ya siku Kiprop alipoteleza kwenye barafu mbele ya kanisa, akamshika mchungaji suruali kujiokoa, wakaanguka wote wawili, na suruali ikabaki mikononi mwa Kiprop. Aliisimulia vizuri, Wairimu kwa hadithi hakuwa mchezo. Alipofika penye suruali, mzee alikohoa. Alikohoa mfululizo, blanketi mdomoni, mabega yakitikisika.

"Nikuletee dawa ya kifua, Baba?"

"Ni baridi tu," alisema mzee, akipangusa macho.

*

Kwenye grupu ya kanisa, vichekesho vina miguu. Kufikia Alhamisi ukurasa wa *Tarumbeta* ulikuwa umefika Texas na kurudi. Watu waliweka sura za kucheka machozi, safu kwa safu. Mmoja aliandika, "Mzee wetu comedian!" Katikati ya kicheko hicho ukatokea mstari mdogo wa kijivu ambao simu yenyewe huandika: *Naftali ameondoka.* Naftali alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Othaya, Nyeri, mpole, mwenye kofia ya manyoya. Hakusema neno. Aliondoka tu, kama mtu anayebeba sahani yake kutoka meza ambayo haimtaki.

Wairimu aliutazama mstari huo kwa muda. Ndipo mwiba wa pili ulipokwama. Huyo mama wa kibuyu alikuwa na jina. Nyanya yake mwenyewe aliyemlea, Cucu, alikuwa wa vijiji vile vilivyozungushiwa miiba na mitaro, na maisha yake yote hakuonja uji. Akiupika, aliupakua akiwa amegeuza pua. Watoto walidhani ni maringo.

Alijifungia bafuni, akawasha feni ili sauti isitoke, akampigia mamake kwa spika. Nyeri ilikuwa jioni, ng'ombe alisikika.

"Maitu," alimwita, kama alivyomwita tangu utotoni, "Cucu alinyweshwa uji kizuizini?"

Mama yake, mwenye miaka themanini, alicheka. Si kicheko cha furaha, wala si cha huzuni. Ni kile cha mtu aliyeona jirani wa zamani sokoni.

"Nani amekuambia? Riu muruaru niahona!"

"Unaijua?"

"Nani haijui? Tuliicheza tukiwa watoto. Mmoja anakuwa askari, mmoja anakuwa kibuyu. Sikiliza. Mwenye kibuyu alitangulizwa makusudi. Alichaguliwa mwenye ulimi na mwenye tumbo. Askari wakianza kumnywesha na kucheka, wengine nyuma wanapita na kuni. Na ndani ya kuni, mwanangu, hakukuwa na kuni tu."

"Kwa hiyo ni nyinyi mliokuwa mnawacheka?"

"Mara ya kwanza, ndiyo." Sauti ya mama ikashuka. "Ilianza kizuizi kimoja. Halafu ghafla, mwezi haujaisha, ikawa kila mahali. Kila Keya, kila barabara, kama waliofundishwa shule moja. Kunywa, mama, kunywa tuone. Hata wasio na mgonjwa. Hata maji ya kufulia. Cucu wako alinyweshwa mara mbili wiki moja, na mara ya pili alikuwa na mimba. Hiyo haikuwa na kichekesho. Usidhani kibuyu kilikuwa kimoja Nyeri nzima."

"Na mimba?"

"Una mjomba yeyote wa umri ule?"

Wairimu alikata simu, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Ilianza kizuizi kimoja, halafu ikawa kila mahali. Waliofundishwa shule moja. Aliiona shule hiyo: karatasi nyembamba, ukurasa wa nne, inashushwa na lori la barua katika kila kambi.

Alizima feni, akafungua mlango.

Mzee Eliezer alikuwa amesimama kwenye korido, mikono miwili juu ya fremu yake ya kutembelea, uso umbali wa shubiri moja kutoka mlangoni.

"Nilikuwa nataka choo," alisema.

Akaingia. Wairimu alisikiliza nje, bila haya. Hakusikia maji.

*

Jumamosi mchana nyumba ilijaa hadi jozi arobaini za viatu zikakosa mlango, zikapangwa kwenye ngazi za jengo zima. Pilau, chapati, mukimo, mbuzi aliyechomwa na Kiprop nje kwenye baridi ya kung'oa masikio, na kibuyu cha maziwa ya mursik kilichosafirishwa mtu kwa mtu. Watu walikaa kwenye mikono ya makochi na kwenye vitanda. Wanawake jikoni walijua kufikia saa nane nani ameachwa, nani amehamia kwa nani, na binti wa nani amejitoboa pua.

Générose alifika na sufuria la sombe, kisamvu cha kwao. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, mfanyakazi wa ile nyumba ya wazee ya Inver Grove Heights, ndiye aliyemsaidia Wairimu na fomu. Alikuwa ameonywa asitie neno. Alimvuta Wairimu kando ya friji.

"Mama Wairimu, iko habari muzuri. Chambre inakuwa libre, chumba iko wazi, iko na dirisha ya mutoni. Lundi, Jumatatu, saa mbili juste nitakupigia. Lakini nikipiga mara moja na haujibu, chef anaipatia muntu mwingine. Ni comme ça, liste ni murefu."

"Sema polepole."

"Nasema polepole! Mzee yeye hasikii kitu." Akampungia mkono Mzee Eliezer kupitia uwazi wa jikoni. Mzee naye, kwa heshima zote, akampungia.

Naftali alikuja wakati keki inakatwa. Hakuna aliyemtarajia. Alivua viatu, lakini koti hakuvua. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mkabala na mzee, koti limefungwa vifungo vyote, kofia ya manyoya gotini. Chumba kikapunguza sauti chenyewe.

Serah, ambaye ukimya ulimwasha kama upupu, aliruka na fremu yake. "Sasa wapendwa, tunampa Mzee wetu kumbukumbu! Nani atusomee?"

"Asome mwenyewe," alisema Naftali.

"Miwani yangu..." mzee alianza.

"Basi simulia. Kichekesho chako mwenyewe hakihitaji miwani."

Wairimu alisimama mlangoni mwa jikoni, kisu cha keki mkononi, akamwona mumewe anamtazama mzee, kisha anamtazama yeye. Mzee Eliezer aliegemea mbele. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kikuyu. Si Kikuyu cha kuokoteza. Kilikuwa Kikuyu cha Nyeri, cha zamani, chenye maneno ambayo Wairimu alikuwa hajayasikia tangu nyanya yake azikwe. Alimsimulia mama wa kibuyu kwa sauti ya mama wa kibuyu. Alikunywa uji hewani. Tumbo lake likavimba mbele ya watu. Wajukuu wasiojua lugha yoyote ila Kiingereza walicheka. Alipogeuza kibuyu chini juu na kusema mgonjwa amepona, wanawake watatu wa Murang'a walicheka kabla ya kujizuia, wakafunika midomo.

Kiprop hakucheka. "Baba," alisema, "hiyo ni lugha gani?"

Naftali alikuwa ameinua mkono.

"Halafu?" aliuliza.

"Halafu afisa alicheka," mzee alisema, sasa kwa Kiswahili. "Alicheka mpaka akavua kofia. Na sisi tukacheka, maana afisa amecheka. Na nyuma ya yule mama wakapita wanawake kumi na mmoja na mizigo ya kuni. Niliwahesabu. Anayecheka hakagui. Hao kumi na mmoja sikuwaandika gazetini."

Mtu alisema "Aah!" kwa sauti ya ibada. Serah alianza kupiga makofi. Lakini Wairimu, pale mlangoni, damu ilimpanda. Kuni. Wanawake waliopita nyuma. Aliyasikia Alhamisi, bafuni, feni ikivuma, na mzee shubiri moja nyuma ya mlango. Hesabu ya kumi na mmoja tu ndiyo hakuisikia. Na idadi ni kitu rahisi kuzua, hasa kwa mtu anayeshinda akihesabu.

Naftali naye hakupiga makofi. "Uliwaona, au uliambiwa baadaye?"

"Niliwaona."

"Na hukusema."

"Sikusema."

"Nani shahidi wako?"

"Wewe mwaka huo ulikuwa wapi?" mzee aliuliza.

Naftali aligeuza kofia yake gotini, akaitazama kwa ndani kama kwamba ina jibu. "Mwaka huo nilikuwa na mwaka mmoja," alisema. "Labda nilikuwa mgongoni mwa mmoja wao."

Kisha akafungua kifungo cha juu cha koti. Kimoja tu. Akaomba chapati.

*

Jumapili Kiprop alikwenda kanisani peke yake, maana kwenye gari alikuwa hataki kuongea Kiswahili wala lugha nyingine. Alikuwa amelala akimuuliza mkewe, "Mvua, eh? Mvua ya miaka sita?" Wairimu alibaki kuosha masufuria. Mzee alikuwa dirishani.

Alijipangusa mikono, akavuta kiti, akakaa mbele yake, akamzibia magari yote.

"Baba, mimi si Serah. Sitapiga makofi. Hao kumi na mmoja nawaacha, Mungu anajua idadi yao. Mimi nauliza gazeti. Kwa nini ulilipelekea kichekesho?"

"Kulikuwa na sabuni."

"Sabuni!"

"Mche mzima. Tulikuwa tunaoga kwa majivu." Alifikiri. "Na nilitaka kuona jina langu. Nilikuwa sijawahi kuliona mahali ila kwenye orodha ya zamu."

"Unajua lilifanya nini hilo gazeti? Lilifika kambi zote. Wakaanza kunywesha wanawake kila barabara. Cucu wangu alinyweshwa akiwa na mimba."

Mzee Eliezer hakuuliza ameyatoa wapi. Mikono yake ilitafuta ncha ya blanketi, ikaikunja, ikaikunjua.

"Niliona," alisema. "Mwezi uliofuata tulihamishwa kizuizi kingine, nikakuta askari wasionijua wanafanya hivyo. Mmoja ana ukurasa wangu mfukoni. Akaniambia, soma, ndugu, ujifunze kazi." Akakunja ncha ile tena. "Sikujua watu husoma kichekesho kama amri."

"Ulimwambia ni wewe?"

"Nilicheka pamoja naye."

Wairimu alingoja neno jingine. Pole, labda. Hata pole ya kambini. Halikuja. Mzee alimtazama tu, macho yana maji, lakini ya miaka tisini yana maji daima, na huwezi kumshtaki mtu wala kumsamehe kwa macho ya aina hiyo.

"Na Kikuyu? Miaka sita umenisikiliza."

"Mama Sydney," alisema mzee kwa upole, "umeniziba. Sioni magari."

*

Jumatatu asubuhi Kiprop alikuwa ameshatoka. Saa mbili kasorobo Wairimu aliingia sebuleni na kikombe cha uji, akasimama.

Mzee alikuwa mezani, si dirishani. Alikuwa amevaa koti lake zito, skafu, kofia ya sufu imevutwa hadi masikioni. Vifungo alikuwa amevifunga mwenyewe, kimoja kimeruka tundu, koti lote limekwenda upande. Karibu na miguu yake lilikuwa lile sanduku lake la kahawia alilokuja nalo kutoka Kapsabet, kamba imefungwa mara mbili. Juu yake ameiweka Biblia na fremu ya Serah.

Wairimu aliweka kikombe mezani. Angesema nini, na kwa lugha gani? Nani amemvalisha viatu? Ameinama vipi? Alimwona akilini akihangaika gizani na nyuzi za viatu, mtu ambaye yeye humfungia kila asubuhi, ili tu asije akafungiwa na muuguzi mgeni mbele ya watu wengine. Aliona aibu.

Mzee alishika kikombe kwa mikono miwili, akapuliza.

Simu ikaita.

Ilikuwa juu ya meza, katikati yao, ikitetemeka na kusogea kidogo kidogo kuelekea kwenye uji. Jina la Générose liling'aa. Mara moja tu, alisema. Wairimu alinyoosha mkono, kidole kikasimama juu ya kioo. Mgongo wake ulimuuma kama ulivyomuuma kila asubuhi. Alimfikiria nyanya yake akigeuza pua. Aliwaza dirisha la mtoni, muda wa kulala, Kiprop akifungua droo za vijiko. Simu iliita. Akamtazama mzee, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao alimsemesha yeye mwenyewe, ana kwa ana, kwa Kikuyu:

"Baba. Nimjibu nini?"

Mzee Eliezer alikunywa funda moja. Akafuta mdomo kwa kiganja. Kisha akamjibu, kwa Kikuyu kile kile cha Nyeri, safi kama sahani iliyooshwa:

"Mimi Kikuyu sisikii hata neno."

Kicheko kilimtoka Wairimu kabla hajakiona kinakuja. Kilimkunja. Alishika ukingo wa meza, akacheka miaka yote sita, trekta la matopeni, mbwa, suruali ya mchungaji. Akacheka mpaka machozi yakamtoka na mgongo ukamkata, akataka kuacha akashindwa. Mzee aliendelea kunywa uji wake, uso mkavu kama wa mlinzi wa zamu.

Alipoweza kuvuta pumzi, simu ilikuwa imenyamaza. Kioo kilikuwa cheusi.

Wairimu alikitazama. Saa mbili na dakika mbili. Orodha ni ndefu; huko Inver Grove Heights mtu mwingine sasa anaambiwa habari njema. Alijipangusa macho kwa kanga, akajiambia atapiga mwenyewe, aombe, adanganye simu ilikuwa chumbani. Lakini kwanza sanduku hilo liondoke pale, Kiprop asije akalikuta. Aliweka Biblia na fremu mezani, akapiga goti kama anapomwinua mzee, akaandaa mgongo kwa uzito wa miaka tisini, akalishika mpini, akanyanyua.

Lilipaa. Nusura limpige kidevuni.

Alilitikisa. Halikusema kitu. Halikuwa na hata soksi.

Aligeuka. Mzee Eliezer alikuwa ameshavua kofia. Fremu yake ya kutembelea ilikuwa inampeleka, hatua kwa hatua, kwenye kiti cha dirishani. Akaketi, akavuta blanketi magotini, akauelekeza uso nje, kwenye maegesho.

"La kwanza," alisema.